Miguu Isiyotulia Inapofika Mikononi

Kuna malalamiko ambayo mgonjwa huyaeleza kwa shida hata mbele ya daktari mwenye subira, kwa sababu Kiswahili chetu cha kila siku hakijayapa jina. Mmoja husema miguu inamtambaa kwa ndani, mwingine husema ni kama sisimizi wanapita katikati ya mfupa, wa tatu husema haumwi popote ila miguu inamuudhi na hawezi kuiacha itulie. Msikilizaji mwenye haraka huandika kwenye cheti kwamba mtu huyu ana maumivu ya miguu, kisha humpa vidonge vya kutuliza maumivu, ambavyo kwa kawaida havimsaidii. Mambo huvurugika zaidi mgonjwa akirudi baada ya miaka kadhaa na kusema kwamba siku hizi hata mikono imeanza. Hapo kila jirani huwa na jibu lake: ni presha, ni sukari, ni damu isiyozunguka, ni mawazo, ni kitu ametupiwa.

Anachokieleza mtu huyo kinaweza kuwa ugonjwa wa miguu isiyotulia. Huu ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu ambao dalili yake kuu ni hamu isiyozuilika ya kusogeza viungo, hamu ambayo mara nyingi huandamana na hisia ya kero ndani ya viungo hivyo. Madaktari huutambua kwa mambo manne yanayokwenda pamoja: hamu hiyo huja au huzidi mtu akiwa amekaa au amelala, hupungua au huisha akijisogeza na kuendelea kujisogeza, huwa kali zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi, na haielezeki kikamilifu kwa ugonjwa au hali nyingine kama vile baridi yabisi, uvimbe, au misuli iliyokakamaa. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayouthibitisha. Unathibitishwa kwa maelezo ya mgonjwa, na ndiyo maana ukosefu wa maneno umewagharimu wengi miaka ya usingizi.

Neno la kushika hapo ni hamu. Kijana anayetikisa goti chini ya dawati hana ugonjwa huu kwa sababu tu anatikisa goti. Mara nyingi hata hajui kwamba anafanya hivyo, na ukimkaripia huacha bila taabu. Mwenye miguu isiyotulia anajua kabisa anachokifanya. Hali yake inakaribiana na ya mtu anayezuia chafya au anayejizuia kujikuna alipoumwa na mbu: anaweza kuvumilia kwa dakika chache, lakini msukumo unazidi kujaa ndani mpaka ajisogeze, na akijisogeza anapata nafuu ya papo hapo ambayo haidumu.

Sasa tuje kwenye mikono, ambako jina la ugonjwa limewapotosha hata baadhi ya wahudumu wa afya. Daktari wa Kiingereza Thomas Willis, aliyeandika kwa Kilatini mwaka 1672, aliwaeleza wagonjwa ambao kila walipojilaza kitandani viungo vyao vilianza kurukaruka na kuhangaika kiasi kwamba hawakuweza kulala, kama watu waliowekwa mahali pa mateso makubwa. Viungo alivyovitaja ni mikono na miguu kwa pamoja. Karibu karne tatu baadaye, mwaka 1945, daktari wa Sweden Karl-Axel Ekbom aliuchunguza ugonjwa huo kwa kina na kuupa jina la miguu isiyotulia, kwa kuwa miguuni ndiko unakoanzia kwa wengi. Jina likashika, na mikono ikasahaulika. Nadhani Ekbom hawezi kulaumiwa, kwa sababu ugonjwa lazima uitwe jina fulani. Lakini mgonjwa wa leo anayesikia neno “miguu” hudhani mkono wake una ugonjwa wa pili, na huanza safari mpya ya hospitali kuutafuta.

Kwa kweli mikono kuhusika si jambo la ajabu. Uchunguzi uliofanywa Montréal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa waliohojiwa walipata hisia hizo hizo mikononi. Kilicho nadra ni mikono kuanza kabla ya miguu, au kusumbua peke yake bila miguu kuguswa kamwe. Mtiririko wa kawaida ni miguu kwanza, mara nyingi sehemu iliyo kati ya goti na kifundo, kisha mapaja, kisha mikono kwa wale ambao hali yao ni kali zaidi au imekaa muda mrefu.

Ukijua chanzo kiko wapi, hutashangaa. Ingawa kero husikika kwenye misuli na mifupa, miguu yenyewe haina kasoro wala mikono haina kasoro. Linalosumbua ni jinsi ubongo na uti wa mgongo unavyopokea na kutuliza taarifa kutoka kwenye viungo. Kazi hiyo hutegemea kwa sehemu kemikali iitwayo dopamini, na ubongo hauwezi kutengeneza dopamini ipasavyo bila madini ya chuma. Utendaji wa dopamini na kiwango cha chuma katika damu hufuata saa ya mwili, na vyote hushuka kuelekea usiku. Waishio ghorofa za juu mijini wanaijua hali hii kwa njia ya bomba: mchana maji yanapanda, lakini jioni mgandamizo ukishuka, bomba la ghorofa ya nne ndilo la kwanza kukoroma. Miguu ni bomba hilo la kwanza. Mgandamizo ukizidi kushuka, na ghorofa ya tatu hukauka.

Kuhusu chuma, kuna mkanganyiko ambao naona unastahili muda wetu kuliko yote, kwa sababu ndio unaotibika kwa urahisi zaidi. Mgonjwa akipimwa wingi wa damu na kuambiwa ni wa kutosha, huamini kwamba chuma chake pia kinatosha. Sivyo. Wekundu wa damu ni kama bidhaa zilizopangwa kwenye rafu za duka, na akiba ya chuma, ambayo hupimwa kwa kipimo kiitwacho feritini, ni kama magunia yaliyoko stoo. Mwenye duka mwangalifu huendelea kujaza rafu hata stoo ikikaribia kuwa tupu, hivyo mteja anayetazama rafu hawezi kujua kinachokuja. Zaidi ya hapo, ubongo ni kama kijiji kilicho mwisho wa barabara mbovu: hata stoo ya mjini ikiwa na magunia kadhaa, huenda yasifike kijijini. Ndiyo maana kwa mgonjwa huyu wataalamu hawaridhiki na feritini inayoandikwa “kawaida” na maabara. Maabara nyingi huanza kuhesabu upungufu chini ya mikrogramu 15 au 30 kwa lita, lakini kwa mtu mzima mwenye miguu isiyotulia matibabu ya chuma hufikiriwa pale feritini inapokuwa 75 au chini yake, na wakati mwingine hata ikikaribia 100, ambapo huwa ni kwa chuma cha kupitia mshipani. Mwenye 40 anayeambiwa yuko sawa ameambiwa kweli kuhusu damu yake, ila hajajibiwa kuhusu miguu yake.

Pana tahadhari mbili hapa. Feritini hupanda mwili unapopambana na maambukizi au uvimbe, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa katikati ya homa kinaweza kuonyesha stoo iliyojaa wakati imebaki mavumbi. Na chuma si cha kujinunulia tu dukani kwa kuwa kinaitwa dawa ya kuongeza damu, kwa sababu wapo ambao miili yao imekwisha kurundika chuma kingi, wakiwemo baadhi ya wenye selimundu walioongezewa damu mara nyingi, na kwao ziada ni sumu kwa ini na moyo. Kipimo kinatangulia.

Aliyeandikiwa vidonge vya chuma naye huweza kuvimeza miezi mitatu bila faida kwa sababu ya kikombe kimoja. Chai na kahawa zina viambata vinavyokamata chuma tumboni na kukizuia kuingia mwilini, nasi katika ukanda huu tumezoea kuteremshia kila kitu kwa chai, pamoja na vidonge. Vitamini C hufanya kinyume chake. Kidonge kinachomezwa kwa maji na kufuatwa na chungwa au pera, chai ikasubiri saa moja au mbili, hufanya kazi tofauti kabisa na kile kilichomezwa na chai ya rangi. Wanaopungukiwa chuma kwetu si wachache: wanawake wenye hedhi nzito, wajawazito, wenye minyoo ya safura, watu wanaochangia damu mara kwa mara. Kwa wajawazito hasa, takriban mmoja kati ya watano hupata miguu isiyotulia, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na kwa wengi wao hali hutoweka ndani ya wiki chache baada ya kujifungua. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu nao hupata sana, na kwao adhabu ni maradufu, kwa kuwa wanatakiwa kutulia kwenye kiti saa nne mfululizo huku mkono mmoja umeunganishwa na mashine.

Si kila kinachosumbua mikono usiku ni ugonjwa huu, na mtu asikimbilie kujipachika jina. Anayeamka usiku wa manane akiwa na ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, akakung'uta mkono mpaka uache, ana uwezekano mkubwa wa kubanwa mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono. Hapo ganzi huchagua vidole, na mara nyingi huwapata wanaoshona, wanaosuka au wanaofua kwa mikono. Mkono unaowaka kuanzia shingoni kushuka begani huelekeza kwenye pingili za shingo. Kisukari huleta ganzi na kuungua kuanzia nyayo, na hata ukitembea hakuachi. Misuli inapokakamaa, sehemu moja hujikaza kama jiwe na huuma kwelikweli. Miguu isiyotulia inapofika mikononi haina ganzi wala haijikazi, bali huleta ile ile hamu, mara nyingi pande zote mbili, katika saa zile zile za jioni, na hutulia kwa kujinyosha, kukunja ngumi na kufungua, kusugua, kuinuka.

Jambo linalofuata ningependa lisomwe mara mbili. Dawa kadhaa za kawaida huuchochea ugonjwa huu. Ya kwanza ni klorfeniramini, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Piriton na ambayo watu wengi humeza ili wapate usingizi. Mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya miguu humeza kidonge cha mafua ili alale, kidonge kinazidisha miguu, usiku unaofuata anameza viwili. Ndugu zake ni promethazini na dawa nyingine za mzio zinazoleta usingizi, pamoja na zile zinazochanganywa kwenye dawa za mafua na kikohozi. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika imo, haloperidoli na dawa nyingine za magonjwa ya akili zimo, na amitriptilini pamoja na dawa nyingi za sonona zimo pia. Hili halina maana kwamba mtu aache dawa aliyoandikiwa kwa ugonjwa wa akili au sonona. Maana yake ni kwamba aliyeiandika anapaswa kujua kuhusu miguu, kwa kuwa mara nyingi ipo dawa mbadala.

Lipo kundi jingine la dawa ambalo kisa chake ni cha kusikitisha zaidi, kwani lilitolewa kwa nia njema ya kuutibu ugonjwa huu wenyewe. Pramipeksoli, ropiniroli na levodopa, ambazo hutumika pia kwa ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, huiga au huongeza dopamini, na mgonjwa hupata nafuu tangu usiku wa kwanza kiasi cha kulia kwa furaha. Baada ya miezi au miaka, kwa watu wengi nafuu hiyo hugeuka. Anayeujua mkopo unaoitwa mtaani kausha damu ataelewa mara moja: fedha huja haraka bila maswali, tatizo la leo linaisha, kisha marejesho yanaanza, na ili kuyalipa mtu anakopa tena zaidi. Dalili zilizokuwa zikija saa nne usiku sasa zinakuja saa kumi alasiri, zinakuwa kali kuliko zilivyokuwa kabla ya dawa, dozi inayopaswa kusaidia inashika kwa muda mfupi, na kero inahamia sehemu ambazo hazikuwahi kuguswa. Sehemu ya kwanza kuguswa mara nyingi ni mikono. Daktari asiyeijua hali hii huona ugonjwa umezidi na kuongeza dozi, naye mgonjwa hushukuru kwa wiki mbili tatu kabla ya kuzama zaidi. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa wenye akiba ndogo ya chuma. Baadhi ya watumiaji pia hupatwa na tamaa wasizoweza kuzitawala, kama vile kucheza kamari au kununua vitu ovyo, na familia hudhani mzee amebadilika tabia.

Kwa hiyo mikono inapoanza, swali la kwanza linalopaswa kuulizwa si mgonjwa amekuwa mbaya kiasi gani, bali anatumia dawa gani, tangu lini, na feritini yake ni ngapi. Mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2025 umeziondoa dawa hizo za dopamini kwenye nafasi ya matibabu ya kawaida, na badala yake umeweka mbele gabapentini na pregabalini, ambazo ni dawa za kutuliza mishipa ya fahamu, na chuma cha mshipani kwa wanaokihitaji. Gabapentini na pregabalini nazo zina kasoro zake, kama kizunguzungu, usingizi wa mchana na kuongezeka uzito, na zinahitaji uangalifu kwa wazee na wenye figo dhaifu. Anayetumia pramipeksoli kwa muda mrefu asiiache ghafla kwa sababu amesoma makala. Kuiacha ghafla huleta siku kadhaa za kutolala kabisa, na hupunguzwa polepole chini ya uangalizi, mara nyingi dawa nyingine ikiwa imekwisha kuanzishwa.

Imani za mtaani nimezigusa kwa uchache, lakini moja sitaki kuipita. Ugonjwa huu hurithiwa katika familia nyingi, na mwaka 2007 watafiti wa Iceland na Ujerumani walianza kuzibaini jeni zinazohusika. Mtu anaposimulia kwamba bibi yake alikuwa akizunguka uani usiku kucha, mama yake vivyo hivyo, na sasa ni zamu yake, huo ni ushahidi wa kitabibu ambao daktari anauhitaji. Kwa bahati mbaya simulizi hiyo hiyo ndiyo inayofanya familia iitwe ya laana, na bibi anayezunguka uani saa nane za usiku kuitwa kitu kibaya zaidi. Hana analotafuta huko nje ila nafuu ya miguu.

Wapo wanaoamini kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini tafiti huupata kwa asilimia kati ya 5 na 10 ya watu wazima, zaidi wanawake. Utafiti uliofanywa katika jamii ya vijijini kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2010 uliwakuta wachache mno, chini ya mtu mmoja kwa kila mia. Huenda kweli ni wachache kwetu, kwani jeni hutofautiana. Lakini mimi najiuliza pia ni maneno gani yaliyotumika kuuliza, na mtu ambaye hali yake haina jina hujibuje anapoulizwa kama anayo.

Kuishi nao kila siku ni ufundi wa kupanga utulivu. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza huenda vizuri zaidi kwa aliyechagua kiti cha kando ya njia na kumweleza kondakta mapema kwamba atasimama mara kwa mara. Msikitini au kanisani, nafasi ya nyuma karibu na mlango huondoa aibu ya kupita mbele za watu. Kazi za kukaa, kama kupiga hesabu au kuandika, zifanywe asubuhi, na zile za kusimama ziachiwe jioni. Kahawa, pombe na sigara huzidisha hali kwa wengi. Maji ya uvuguvugu, kukandwa, kujinyosha kabla ya kulala na matembezi ya wastani husaidia, ingawa mazoezi makali usiku huweza kuharibu. Akili iliyoshughulishwa na jambo pia hutuliza viungo kuliko mtu anavyotarajia, na ndiyo maana mtu huyo huyo asiyeweza kukaa dakika kumi mbele ya taarifa ya habari hukaa saa nzima kwenye bao. Kwa mikono hasa, kazi ndogo inayoendelea kama kuchambua mchele, kushona kofia au kusuka ukili huweza kumpitisha mtu katika saa mbaya za jioni. Kitandani ni kugumu zaidi, kwa sababu miguu inaweza kutembezwa chumbani lakini mkono unaohangaika chini ya chandarua humwamsha mwenzako, na mwenzako aliyeamshwa mara tatu anastahili maelezo mchana, wote wawili mkiwa na akili timamu, ili asidhani anasukumwa. Asiyelala kwa miezi huwa mkali, msahaulifu na mara nyingi huingia kwenye sonona, ambayo nayo hutibiwa.

Anayekwenda kumwona daktari, na hasa kama ni zahanati yenye foleni ndefu na dakika tano za mazungumzo, asianze kwa neno “maumivu” kama hayapo. Aseme hivi: “Daktari, jioni nikikaa au nikilala napata hamu ya kusogeza miguu ambayo siwezi kuizuia, na tangu mwezi fulani imeingia na mikononi, nikitembea au nikijinyosha inapungua, nikitulia inarudi, na asubuhi inaniacha.” Kisha aweke mezani dawa zote anazotumia, pamoja na zile za dukani na zile za mafua, na aombe kupimwa feritini.